Pilates bila mbwembwe: inafanya nini mwilini, na inaanzia wapi

Wengi wetu Pilates tumekutana nayo kwenye simu. Dada amelala juu ya kitu kama kitanda chenye mikanda na springi, anasukuma mguu, kitanda kinateleza, muziki wa taratibu unapiga. Chini ya video kuna ahadi: tumbo bapa kwa wiki 4, mkao wa kimalkia, maumivu ya mgongo kwaheri. Ukiulizia bei ya darasa la namna hiyo mjini, unaweza kukata tamaa kabla hujavua viatu. Ndiyo maana watu hugawanyika mapema: wapo wanaoamini ni dawa ya kila kitu, na wapo wanaoiona ni anasa ya wenye pesa na muda wa kupoteza.

Ukweli ni kwamba faida zake zipo, ila si zile zinazopigiwa debe. Pilates ni mazoezi ya kuufundisha mwili kushika kiwiliwili barabara wakati mikono na miguu inafanya kazi yake, kwa mwendo wa polepole unaokwenda na pumzi. Unahitaji sakafu, kitu cha kulalia na umakini. Hicho cha tatu ndicho adimu.

Jina ni la mtu. Joseph Hubertus Pilates alizaliwa mwaka 1883 mjini Mönchengladbach, Ujerumani, na utoto wake, kwa masimulizi yake mwenyewe, ulikuwa wa kuugua: pumu, matege, homa ya baridi yabisi. Akaamua kuujenga mwili wake kwa jimnastiki, ndondi na mazoezi ya viungo yaliyokuwa yakivuma Ujerumani ya enzi zile. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 alikuwa Uingereza, na kwa kuwa alikuwa Mjerumani akawekwa kizuizini pamoja na raia wenzake, hatimaye katika kambi ya Knockaloe kwenye Kisiwa cha Man. Huko akapata muda mwingi wa kufikiria mwili wa binadamu, na wenzake wa kuwajaribia mazoezi yake.

Kuna hadithi inayorudiwa na walimu wengi wa Pilates: kwamba pale kambini alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wasioweza kuinuka wafanye mazoezi wakiwa wamelala, na ndipo mashine zake zilipozaliwa. Ni hadithi tamu, na huenda ina ukweli ndani yake, lakini chimbuko lake ni masimulizi ya mwenyewe na wanafunzi wake, na Pilates hakuwa mtu wa kuona haya kujisifu. Yaliyofuata ndiyo yenye kumbukumbu zaidi. Katikati ya miaka ya 1920 alihamia Marekani, na yeye na mwenzi wake Clara wakafungua studio kwenye Eighth Avenue jijini New York. Wacheza dansi wenye vifundo vilivyoteguka na migongo iliyochoka wakaanza kumiminika. Magwiji kama George Balanchine na Martha Graham waliwapeleka wachezaji wao kwake. Mwaka 1945 akatoa kitabu chembamba chenye mazoezi 34 ya kufanyia chini. Mfumo wake hakuuita Pilates, aliuita Contrology, kwa sababu kwake yeye kuudhibiti mwendo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Alifariki mwaka 1967 akiwa na miaka 83, na ni baada ya hapo jina lake likawa jina la mazoezi.

Historia hii inafumbua fumbo moja linalowachanganya watu. Mmoja atakwambia Pilates ni mazoezi ya wazee na wajawazito, laini kabisa. Mwingine atakwambia alikwenda mara moja na kesho yake alishindwa hata kucheka kwa maumivu ya tumbo. Wote wawili wanasema kweli. Yale mazoezi 34 yalitengenezwa na mwanajimnastiki na kunolewa mbele ya wacheza baleti, na katika sura yake ya asili mengi ni magumu. Yanayofundishwa hospitalini na kwenye madarasa ya wanaoanza yamepunguzwa makali, tena kwa makusudi. Kwa hiyo mtu akikwambia anafanya Pilates, bado hajakwambia kitu mpaka umwulize ni ipi.

Na kwa wanaoogopa kwamba ni yoga kwa jina jingine: zinafanana kwa mkeka na pumzi, basi. Pilates haina mantra, yale maneno ya kurudiarudia, haina falsafa ya dini, na haikutoka India. Nimesikia watu wakiikwepa kwa sababu za imani, na kwa hili la Pilates naona wanajinyima bure.

Sasa tuingie mwilini.

Uti wa mgongo ni kama mlingoti wa jahazi: uzuri wake hauko katika ugumu wake bali katika kamba zinazoushika pande zote, zikiwa zimekazwa kwa kiasi. Pingili 24 zinazocheza, zikiachwa na kano zake tu bila msaada wa misuli, hupinda chini ya mzigo mdogo kuliko hata uzito wa kiwiliwili chenyewe. Misuli inayotushikilia ipo ya tabaka mbili. Ya nje ni ile tunayoijua, misuli ya tumbo inayojichora vipande vipande kwa vijana wa jimu, pamoja na ile mirefu ya mgongoni. Ya ndani haionekani: msuli wa tumbo ulio chini ya yote, unaozunguka kiuno kutoka nyuma hadi mbele, vijisuli vinavyounganisha pingili na pingili, kiwambo cha kupumulia juu, na misuli ya sakafu ya nyonga chini, ile inayozuia mkojo na kubeba kibofu na mji wa mimba. Hii ya ndani ikifanya kazi pamoja, tumbo linakuwa chumba kilichofungwa, na msukumo uliomo humo unaisaidia pingili kutulia.

Pumzi inaingia hapo. Kiwambo kikishuka ukivuta hewa, tumbo na sakafu ya nyonga hulegea kidogo kukipisha. Ukitoa hewa yote taratibu, misuli ya ndani hukaza yenyewe. Ndiyo maana mwalimu wa Pilates hukusumbua kila dakika kuhusu pumzi, na kwa kawaida sehemu ngumu ya zoezi hupangwa wakati wa kutoa hewa.

Mwaka 1996 watafiti wawili wa Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walichapisha utafiti ulioipa Pilates umaarufu ambao haukuwa umeutafuta. Waliwataka watu wainue mkono kwa haraka, huku vipimo vikisoma misuli yao ya tumbo. Kwa wasio na tatizo la mgongo, ule msuli wa ndani kabisa uliamka kabla mkono haujaanza kwenda. Kwa wenye historia ya maumivu ya kiuno, ulichelewa. Walimu wa Pilates wakapiga vigelegele: si ndiyo tunayoyasema miaka yote?

Ila jambo likachukua chumvi. Kukazuka mtindo wa kuwaambia watu waishi wamevuta kitovu ndani, wakitembea, wakiosha vyombo, wakiendesha gari. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mtu anaweza kupona maumivu ya kiuno bila tabia ya msuli ule kubadilika sana, na kwamba wengi wenye mgongo unaouma tatizo lao ni kukaza kupita kiasi, si kulegea. Mwili wenye afya unajua kukaza na unajua kuachia. Kuvuta tumbo taratibu ni njia ya kujifunzia mkekani, ukishainuka iache ibaki hapo.

Je, inasaidia kweli? Kwa maumivu ya kiuno yaliyodumu, ndiyo, na hapa ndipo ushahidi ulipo mwingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, kwa hiyo si suala dogo. Mwaka 2015 mtandao wa Cochrane, unaochambua tafiti za tiba, ulipitia majaribio 10 ya Pilates yenye washiriki 510. Waliofanya Pilates walipata nafuu ya maumivu, na waliweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi, kuliko wasiofanya chochote au waliopewa ushauri tu. Ila ubora wa ushahidi ulikuwa wa chini hadi wa wastani, na ilipolinganishwa na mazoezi ya aina nyingine haikuonekana wazi kuyashinda.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo isiyowekwa kwenye matangazo, na kwangu mimi ndiyo yenye manufaa kuliko zote. Maana yake ni kwamba anayependa kuogelea aogelee, anayependa kunyanyua vyuma anyanyue. Kinachoponya kiuno kwa sehemu kubwa ni mwili unaotumika mara kwa mara na mtu asiyeuogopa tena mgongo wake. Pilates ni njia nzuri ya kufika huko kwa sababu inaanza chini, inaanza polepole, na mtu aliyezoea kuamini kwamba akiinama atavunjika anagundua, pingili moja baada ya nyingine, kwamba bado anainama.

Zipo faida nyingine. Kwa wazee, majaribio kadhaa yanaonyesha usawa wa kusimama na kutembea unaimarika, na kwa mtu wa miaka 70 kutoanguka ni afya kubwa kuliko tumbo bapa. Kwa akina mama waliojifungua, misuli ya sakafu ya nyonga inapata kazi yake, ingawa anayevuja mkojo akikohoa au kucheka asiishie kwenye darasa la Pilates: hilo lina mazoezi yake mahususi na wataalamu wake, na si jambo la kufichwa kwa aibu. Viungo vinanyumbuka zaidi. Wanaokaa mbele ya kompyuta mchana kutwa mara nyingi husema mabega yameshuka kutoka masikioni.

Kwenye uzito, hapana, au kidogo sana. Pilates ya mkekani inachoma nguvu zinazokaribiana na za kutembea kwa mwendo wa kawaida, na hakuna zoezi la tumbo linaloyeyusha mafuta ya tumboni peke yake. Moyo na mapafu navyo havipati cha kutosha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani yanayoongeza mapigo ya moyo, pamoja na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Pilates inaweza kuhesabiwa kwenye hizo siku 2. Zile dakika 150 zidai kwenye kutembea kwa kasi, baiskeli au mpira.

Kuanza nyumbani kunawezekana kabisa. Mkeka wa ukindu juu ya saruji ni mgumu kwa mgongo, hivyo tandika juu yake blanketi lililokunjwa mara 2 au sponji jembamba. Usifanyie kitandani, maana godoro linabonyea na kukuficha makosa. Tumbo lisiwe limejaa.

Lala chali, magoti juu, nyayo chini zikiachana kwa upana wa nyonga. Chini ya kiuno pana uwazi mdogo. Ingiza kiganja hapo. Sasa geuza nyonga kuelekea kwako mpaka kiuno kikiminye kile kiganja, halafu igeuze upande wa pili mpaka uwazi uwe mkubwa. Rudi katikati, pasipo kubana wala kuachia sana. Hapo ndipo mazoezi mengi ya mwanzo yanapofanyika, na usishangae kujikuta dakika 5 bado unapatafuta.

Kisha pumzi. Jifunge khanga kuzunguka mbavu, chini ya kifua, isiyobana sana. Vuta hewa kwa pua uone kama unaweza kuitanua khanga kwa pembeni na nyuma, bila mabega kupanda. Toa kwa mdomo taratibu, mpaka khanga ilegee. Wengi wetu tunapumulia juu ya kifua bila kujua, na siku ya kwanza khanga haitikisiki.

Halafu tafuta msuli wenyewe. Weka ncha za vidole ndani kidogo ya ile mifupa miwili inayochomoza mbele ya nyonga. Toa hewa kwa sauti ya “sss” huku ukivuta tumbo la chini ndani kwa nguvu kidogo tu. Chini ya vidole utahisi kitu kikikaza kwa utulivu. Kama tumbo limekusukuma vidole kwenda juu, umekaza misuli ya nje. Punguza nguvu, anza upya. Ukishaupata, inua mguu mmoja uliokunjwa mpaka paja lisimame wima, urudishe, kisha wa pili, na nyonga isitikisike. Ukitaka shahidi asiyekuonea haya, weka kikombe cha plastiki chenye maji kidogo chini ya kitovu. Kikimwagika, nyonga imecheza.

Zoezi linalojulikana kuliko yote linaitwa Mia, na ndilo la kwanza katika yale 34. Umelala chali, miguu imenyooshwa hewani, kichwa na mabega vimeinuliwa, mikono imenyooka kando ya mwili inapiga hewa juu na chini kwa urefu wa shubiri moja. Unavuta hewa kwa mapigo 5, unatoa kwa mapigo 5, mara 10, jumla 100. Anayeanza aache nyayo chini na kichwa chini, apige mikono tu na kuhesabu pumzi. Wiki mbili tatu baadaye ainue mguu mmoja, kisha wa pili, kichwa mwisho kabisa. Shingo ikianza kulalamika kabla ya tumbo, rudisha kichwa chini, hakuna anayekupa alama.

Ongeza zoezi la daraja: kutoka mkao ule wa mwanzo, magoti juu na nyayo chini, unasukuma nyayo na kuuambua mgongo sakafuni pingili kwa pingili mpaka mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani, kisha unashuka vilevile, ukianzia mgongo wa juu. Kushuka ndiko kwenye kazi. Msuli wa nyuma ya paja ukikamata, nyayo ziko mbali mno, zisogeze. Halafu geuka upige magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, badilisha. Hayo yanatosha mwezi mzima, mara 2 au 3 kwa wiki, nusu saa au chini yake. Marudio 6 yaliyotulia ni bora kuliko 20 ya kukimbizana na saa.

Wapo wanaohitaji kuuliza kwanza. Mwenye mifupa iliyodhoofika, hasa mama aliyekwisha kukoma hedhi, aepuke mazoezi ya kujikunja kwa nguvu na kubiringika mgongoni, maana pingili dhaifu huweza kuvunjika kwa mkao huo. Mjamzito baada ya miezi 3 au 4 asilale chali kwa muda mrefu. Mwenye presha ya juu asibane pumzi hata kidogo. Mama aliyejifungua na akaona tumbo likichomoza katikati kama tuta anapojaribu kuinuka ana mwachano wa misuli ya tumbo, na Mia yenye kichwa juu ingoje. Aliyejifungua kwa upasuaji asianze bila ruhusa ya daktari.

Na kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya mkekani kabisa. Ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kugoma au kutoka bila kujua, miguu kuishiwa nguvu: hiyo ni hospitali leo, si kesho. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda pamoja na mgongo unaouma vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu bado kipo na kinatibika. Kwa maumivu mengine ya muda mrefu, kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya rufaa iliyo karibu ni mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuliko studio yoyote.

Basi mashine ni za nini? Ile ya kitanda kinachoteleza inaitwa riforma, na springi zake zinafanya kazi mbili zinazopingana: zinaongeza uzito kwa mwenye nguvu, na zinamsaidia dhaifu kufanya mwendo asiouweza peke yake. Kwa anayetoka kwenye jeraha hilo la pili lina thamani. Kwa mwenye afya ya kawaida, ni raha zaidi kuliko lazima. Mkekani hakuna springi ya kukubeba, kwa hiyo mara nyingi mazoezi ya chini ndiyo magumu.

Kuhusu walimu, fahamu jambo moja la kisheria. Mwezi Oktoba mwaka 2000 mahakama ya shirikisho jijini New York iliamua kwamba neno Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si alama ya biashara ya mtu. Uamuzi huo ndio uliofungua milango mazoezi haya yakaenea, na ndio uliofanya mtu yeyote aweze kubandika neno hilo mlangoni. Yupo aliyesomea kwa mamia ya saa, anatomia ikiwemo, na yupo aliyehudhuria mafunzo ya wikiendi. Muulize alisomea wapi na kwa muda gani. Angalia kama kabla ya darasa anakuuliza kuhusu mgongo, presha, ujauzito na upasuaji. Angalia wakati wa darasa yuko wapi: anazunguka akisahihisha watu, au yuko mbele anafanya mazoezi yake mwenyewe akiwa na maikrofoni shavuni? Ukimpata wa namna ya kwanza, hata kama mfuko hauruhusu kila wiki, lipia masomo mawili ya ana kwa ana, mwambie akuonyeshe makosa yako yote, yaandike, kisha endelea nyumbani.